Haijatumika

Katika makumbusho ya reli ya Nairobi kimesimama kichwa cha treni namba 5918, kilichopewa jina la Mlima Gelai. Ni kimoja kati ya vichwa 34 vya daraja la 59 vilivyoundwa na kampuni ya Beyer, Peacock ya Manchester na kuingia kazini katikati ya miaka ya 1950, kila kimoja kikibeba jina la mlima wa Afrika Mashariki. Urefu wake unakaribia mita 32 na uzito wake ni tani 252. Katika reli zenye upana wa mita 1, dunia nzima haikuwa na kichwa cha mvuke chenye nguvu kuvishinda hivyo. Marehemu baba yangu, aliyekuwa fundi katika karakana ya reli Mombasa, alikuwa akivitaja kwa heshima ambayo hakuwapa hata wakubwa wake wa kazi.

Sasa chukua kichwa hicho ukipunguze mara 160. Huo ndio uwiano unaotumiwa na watengenezaji wengi wa treni ndogo za mfano, zile zinazokimbia juu ya reli yenye upana wa milimita 9. Urefu utabaki sentimita 20. Uzito, hata hivyo, hupungua kwa kasi nyingine kabisa, kwa kuwa umepunguza urefu, upana na kimo kwa wakati mmoja: unagawanya kwa 160 mara tatu, yaani kwa 4,096,000. Tani 252 zinageuka gramu sitini na kitu. Ni uzito wa yai la kuku.

Hesabu hii huwafurahisha wanaonitembelea. Kinachonishughulisha mimi ni vile vitu visivyokubali kupunguzwa. Unywele wa binadamu una unene wa takriban sehemu saba za mia za milimita, na unabaki hivyo hivyo hata ukiingia katika ulimwengu mdogo. Ukijiviringisha kwenye ekseli ya kichwa cha gramu sitini, ni sawa na kamba nene ya sentimita moja iliyojifunga kwenye ekseli ya treni ya kweli. Chembe ya vumbi haipungui. Kidole cha mtu wa kiwandani hakipungui. Na kosa la mchongaji wa kalibu halipungui pia: akikosea kwa sehemu moja ya kumi ya milimita, amekosea kwa milimita 16 za treni ya kweli, na hapana mkaguzi wa reli ambaye angeliruhusu ekseli iliyokwenda kombo milimita 16 ivuke mlango wa karakana. Katika kichwa kidogo kosa hilo macho hayalioni. Hujitokeza baadaye, pengine mwaka wa tatu, kichwa kinapoanza kuyumba kila kifikapo kwenye kona ileile, na mwenyewe analaumu reli.

Nayaandika haya nikiwa Bellevue, mashariki kidogo ya Yeoville, jijini Johannesburg, katika chumba cha nyuma cha duka la simu karibu na Rockey Street. Simu ndizo zinazonilisha. Treni ndogo zilikuja zenyewe. Mtaa huu ulikuwa na wakazi wengi wa Kiyahudi waliotoka Ulaya. Katika miaka ya 1980 watu wa rangi zote walianza kuishi humu sheria ya ubaguzi ikiwa bado ipo. Na kuanzia miaka ya 1990 wakaja Wakongo, Wazimbabwe, Wanijeria, na sisi wa pwani na bara ya Afrika Mashariki. Kiswahili kinachosikika kati ya soko la Yeoville na mlango wangu ni cha namna nne au tano, na cha Lubumbashi ndicho chenye sauti kubwa kuliko vyote. Wakazi wa zamani walipohama au kufariki, nyumba zilitoa vitu: piano, vyombo vya mezani, vitabu vya Kijerumani, na mara nyingine sanduku la viatu lenye treni zilizofungwa kwenye magazeti. Mtu akiikuta treni iliyokufa huuliza ni nani anayeweza kufungua kitu kidogo hivi, na jibu la kawaida ni fundi wa simu.

Mwenye kuzifahamu reli za kusini atasema kwamba uwiano wa 1:160 haufai hapa, naye atakuwa na haki. Reli ya Afrika Kusini ina upana wa milimita 1067. Gawanya kwa 9 utapata karibu 118.5, kwa hiyo anayetaka kuiga treni za nchi hii juu ya reli ya milimita 9 bila kudanganya hana budi kutumia uwiano wa 1:120, kama wafanyavyo wenzao wa New Zealand ambao reli yao ina upana huohuo. Sisi wa reli ya mita 1 tuna taabu yetu: katika uwiano wa 1:160 reli yetu ingekuwa na upana wa milimita 6.25, na iliyo karibu nayo ni ile ya milimita 6.5 ambayo Märklin waliileta mwaka 1972 kwa treni zao za 1:220. Wateja wangu wengi hawayajali hayo. Wanaweka kichwa cha Ujerumani mbele ya mabehewa ya Japani, kinapita chini ya mlima wa karatasi uliopakwa rangi ya Drakensberg, na wanaridhika. Mimi pia naridhika, ilimradi kitembee.

Kutembea ndilo tatizo. Tangu Arnold wa Nuremberg walipotoa treni zao ndogo mwaka 1960, na Kato wa Japani walipowafuata na kichwa chao cha kwanza mwaka 1965, swali limebaki lilelile: vipi umeme utafika kwenye mota? Umeme wa volti 12 unasafiri kwenye reli, unapanda kupitia mguso wa gurudumu, unaingia kwenye fremu. Kichwa cha gramu sitini chenye magurudumu manane kinaikandamiza reli kwa gramu saba na nusu kwa kila gurudumu. Mwezi wa Agosti, kabla ya mvua, upepo wa Johannesburg hupeperusha mchanga laini kutoka kwenye vilima vya mabaki ya migodi ya dhahabu upande wa kusini wa mji, na mchanga huo huingia hata katika droo iliyofungwa. Punje moja yatosha kulinyanyua gurudumu. Watengenezaji nao, ili kichwa kipate nguvu ya kuvuta, huvalisha gurudumu moja au mawili mpira mwembamba; lakini mpira haupitishi umeme, na kila gurudumu lililovaa mpira limejiondoa katika kazi ya kuuleta. Ukiongeza upande mmoja umepunguza mwingine. Nimeviona vichwa vya bei kubwa vilivyobakiwa na magurudumu manne tu ya kuleta umeme, na mwenyewe akaambiwa dukani kwamba hana budi kusafisha reli kila siku.

Ya pili ni gia. Gia ya plastiki husukumwa kwa nguvu juu ya ekseli ya chuma, tundu lake likiwa dogo kidogo kuliko ekseli ili ibane. Plastiki hiyo inabaki imevutwa usiku na mchana, hata kichwa kikiwa kimelala sandukuni. Baada ya miaka inapasuka ufa mmoja mwembamba katikati ya meno mawili, meno hayo yanaachana kwa kiasi kisichopimika kwa rula, na kuanzia hapo kichwa kinatoa mlio: tik, tik, tik, mmoja kwa kila mzunguko. Gundi haisaidii, kwa kuwa aina ya plastiki inayofaa kwa gia ndiyo hiyo isiyoshikamana na gundi. Unatafuta gia nyingine, au unakosa. Baba alikuwa akiwasikiliza wapigaji magurudumu, wale waliopita kando ya treni na nyundo ya mpini mrefu wakiligonga kila gurudumu; zima linalia kama kengele, lenye ufa linalia kama sufuria. Mimi nagonga kwa kucha, na sikio langu nimelisogeza mpaka linakaribia kugusa meza.

Tofauti kati ya kazi yake na yangu ni muda. Katika karakana ya kweli ukaguzi haukuwa na mwisho. Kichwa kiliporudi kutoka safari kilikaguliwa, kikaguliwa tena kabla ya safari, na kila baada ya muda uliopangwa kilivuliwa mpaka mifupa. Waliokikagua ndio waliokitengeneza, na walikijua kwa jina na kwa tabia. Kichwa kidogo hukaguliwa mara moja. Ndani ya masanduku mengi mna kikaratasi chenye muhuri au herufi mbili za mkaguzi, na kikaratasi hicho ndicho ushahidi wote kwamba kiumbe huyu aliwahi kuwekwa juu ya reli na mtu mwingine. Simdharau mkaguzi huyo. Anaweza kuigundua mota isiyozunguka, taa isiyowaka, gurudumu lililopinda. Hawezi kuugundua ufa wa gia utakaotokea baada ya miaka sita, kwa sababu leo ufa huo haupo. Kilichopo ni mvuto tu ndani ya plastiki, na mvuto hauonekani. Utegemevu wa mashine ni jambo linaloonyeshwa na muda, na muda ndicho kitu pekee ambacho kiwanda hakiwezi kukiweka ndani ya sanduku.

Soko limeamua kinyume. Katika biashara ya treni ndogo, kichwa kinacholipiwa bei ya juu ni kile ambacho hakikutolewa sandukuni hata siku moja. Kilichokimbia saa mia tatu bila kukwama kinauzwa nusu ya bei, kwa kuwa kimetumika. Kwa maneno mengine, watu wanalipa zaidi kwa kitu ambacho hakuna anayejua lolote kuhusu hali yake. Nilikuwa nikilichekelea jambo hili kwa miaka mingi, mpaka lilipogusa watu ninaowafahamu.

Mzee mmoja wa Lubumbashi, aliyefanya kazi ya reli huko kabla ya kuja Johannesburg miaka ya 1990, alikuwa mlinzi wa usiku wa jengo la ghorofa mitaa michache kutoka hapa. Sote tunamwita Papa, kama ilivyo desturi ya kwao. Kila alipobakiwa na kitu katika mshahara wake alikwenda kwenye minada ya Jumapili akanunua kichwa kimoja cha treni ndogo, cha sandukuni, kisichoguswa. Hakuwa na reli wala meza ya kuichezea. Alikuwa amesikia, na kwa wakati ule ilikuwa kweli, kwamba vitu hivi bei yake hupanda. Benki ilimtaka karatasi ambazo ofisi ya uhamiaji ilikuwa haijampa. Kitanda chake hakikutaka karatasi. Katika miaka ishirini na kitu akakusanya masanduku 14, akayapanga chini ya kitanda, mbali na ukuta wenye unyevu. Aliponionyesha kwa mara ya kwanza, alisema: "Mwanangu, ile njo benki yangu."

Januari ya mwaka juzi mjukuu wake wa kike alipata nafasi chuo kikuu, na ada ya kujiandikisha ilitakiwa kabla ya katikati ya Februari. Papa aliyaleta masanduku yote kwa mara moja, ndani ya mfuko mkubwa wa plastiki wa mistari, ule unaoitwa kwa majina ya matusi katika kila nchi inayofukuza wageni. Alikuwa amempata mnunuzi wa Pretoria kwa simu. Mnunuzi alitaka picha na karatasi ya fundi yenye hali ya kila kichwa. Kazi ya karatasi ndiyo iliyomleta kwangu.

Sanduku la kwanza lilikuwa zuri. La pili lilikuwa na gia iliyopasuka, kama nilivyotarajia. Katika la tatu kichwa kilikataa kutoka. Kilikuwa kimekaza ndani ya plastiki yake kama mguu uliovimba ndani ya kiatu. Nilipofanikiwa kukitoa, ganda la juu lilikuwa na ufa kuanzia dirisha la dereva mpaka nyuma, na fremu iliyo chini yake ilikuwa imepinda kama ndizi. Niliigusa kwa ncha ya kibano, ikamomonyoka. Unga wa kijivu ulibaki kwenye kitambaa.

"Papa, hiki kimekufa."

"Itakufa namna gani, na haikutembea hata siku moja?"

Swali lake lilikuwa la haki kabisa, na jibu lake ni refu. Fremu za vichwa hivi husubiwa kwa aloi ya zinki, kwa kuwa zinki inayeyuka kwa moto mdogo, inajaza kila pembe ya kalibu, na ni nzito, nao uzito ndio unaotafutwa. Lakini zinki ina adui mmoja wa karibu. Ikichanganyika na risasi, hata kwa kiasi kidogo mno, risasi hiyo hukaa kwenye mipaka baina ya chembe na chembe za metali, na unyevu wa hewa hupenya kwa kuifuata mipaka hiyo. Kutu inatokea ndani badala ya nje. Metali inavimba, inapinda, inapasuka, na mwisho inakuwa unga. Bati na kadimi hufanya vivyo hivyo. Watengenezaji wa vitu vya kuchezea wa miaka ya 1920 na 1930 waliujua ugonjwa huu kwa hasara kubwa. Dawa yake ilikuwa usafi: mwaka 1929 kampuni ya New Jersey Zinc ya Marekani ilitoa aloi zinazoitwa Zamak, jina lililofumwa kwa herufi za mwanzo za majina ya Kijerumani ya zinki, alumini, magnesi na shaba, zikisimama juu ya zinki yenye usafi wa asilimia 99.99. Kiwango cha leo kinairuhusu risasi isiyozidi sehemu 5 kwa 100,000. Hiyo ni gramu 5 katika kilo 100. Mtu mmoja akitupa kipande cha waya wenye risasi ya kulehemu ndani ya sufuria ya kuyeyushia, au akirudisha vyuma chakavu asivyovichambua, fremu zote za siku hiyo zimeshahukumiwa, na kwa macho zitang'aa kama za jana.

Ndiyo maana ugonjwa huu haukuisha na miaka ya 1930. Vipo vichwa vilivyosubiwa ndani ya karne hii vinavyomomonyoka kabla ya mwenyewe kumaliza kuvilipia. Na kwa kuwa fremu ya kichwa kidogo hugawanywa nusu mbili, kila nusu ikibeba upande mmoja wa umeme, na baina yao kuna kizuizi chembamba cha plastiki, zinki ikivimba huharibu mwili na mishipa kwa pamoja: mota inabanwa, ekseli zinasogea, umeme unakatika au unagusana. Joto na unyevu huharakisha. Hewa kavu ya Johannesburg ilikuwa imewapa vichwa vya Papa miaka ambayo Mombasa isingewapa. Haikuwaponya.

Nilimweleza kwa kadiri nilivyoweza. Nilipofika kwenye risasi alinikatiza. Katika miaka yake ya reli alikuwa akipokea mabehewa kutoka Kipushi, mgodi ulio karibu na Lubumbashi, na hakuhitaji mtu wa pwani amfundishe zinki. Zinki na risasi ni ndugu wa tumbo moja, alisema. Zinatoka mu shimo pamoja, na kazi yote ya wenye viwanda ni kuwatenganisha ndugu. Alisema kweli. Reli ya milimita 1067 ilipopanda kutoka kusini ilifika Kabwe, iliyokuwa ikiitwa Broken Hill, mwaka 1906, kwa ajili ya zinki na risasi hizo hizo, kisha ikaendelea mpaka Lubumbashi mwaka 1910. Mgodi wa Kabwe ulifungwa mwaka 1994, na risasi yake bado imo katika udongo ambao watoto wa mji ule wanauchezea na katika damu yao. Alipolitaja hilo Papa alinyamaza kidogo, kisha akauliza ni masanduku mangapi yaliyobaki.

Jumla ilikuwa hivi: matano yalikuwa na zinki iliyooza, matatu yalikuwa na gia zilizopasuka, sita yalikuwa mazima. Katika yale matano, mawili yalikuwa bado mwanzoni kabisa. Ufa ulionekana kwa kioo cha kukuza tu, na ganda lilikuwa halijaguswa. Yangeweza kupigwa picha ya kupendeza.

Hapo Papa aliomba jambo moja. Niyarudishe yote sandukuni, nibandike mkanda kama ulivyokuwa, na kwenye karatasi niandike neno moja kwa kila kichwa: haijatumika. Hakuniomba niandike kuwa ni nzima. Alikuwa mtu wa reli, na watu wa reli hawatii sahihi yao kizembe. "Si uongo," alisema. Na haukuwa uongo. Neno hilo lilikuwa la kweli kwa kila sanduku, na ndilo neno ambalo mnunuzi mwenyewe alikuwa tayari kulilipia zaidi.

Nimelifikiria ombi lile kuliko alivyodhani. Wengine wataliona kuwa jambo jepesi: hila ni hila. Lakini tazama nani alikuwa amemfanyia nani hila. Papa alinunua kwa neno lilelile. Kila muuzaji wa mnada aliyemwambia "haijatumika" alisema kweli, na kila mmoja alipokea bei kamili. Mtu wa kiwandani aliyeichafua zinki hajulikani, na hakuna mahakama ya kumfikia. Mlolongo mzima ulisimama juu ya neno la kweli lisilomjulisha mtu chochote, nao ulikuwa umefika kwa mtu masikini kuliko wote waliokuwemo, ukitaka uishie kwake. Alichoomba ni kuruhusiwa kuusogeza mbele hatua moja, kwa mtu wa Pretoria mwenye chumba kizima cha treni. Sikuweza kumjibu kwa kumhubiria.

Nilimjibu kama fundi. Nilimwambia: "Papa, karatasi ikitoka hapa ina jina langu, nitaandika nilichokiona." Alichukua mfuko wake akaondoka bila kuaga, na kwa siku kumi na moja sikumwona. Mama mmoja anayeuza sombe sokoni, aliyetoka mkoa mmoja naye, alinipitia akaniambia kwamba maneno yangu ni mazuri ila hayalipi ada.

Aliyerudi na mfuko siku ya kumi na mbili alikuwa mjukuu. Alinisalimu kwa shikamoo ya kujifunza, kwa heshima, akaketi, akaitaka karatasi niliyokuwa nimeiandika. Aliisoma yote. Kisha akaniuliza swali ambalo babu yake hakuuliza: vile sita vizima, nimejuaje kuwa ni vizima? Nikamwambia kwamba nimevitazama zinki yake, gia zake, na nimevizungusha mota. Je, vimetembea? Havijatembea. Basi na mimi pia nauza nisichokijua, alisema, kwa sauti isiyo na ukali wowote.

Mchana ule umeme ulikuwa umekatwa mtaa mzima, kama ilivyo ada, tukatumia betri ya volti 9. Tulitandika duara la reli juu ya meza, tukaifuta kwa pamba yenye spiriti, tukavitembeza kimoja kimoja, nusu saa mbele na nusu saa nyuma, kwa mwendo wa polepole kabisa, kwa kuwa kasi huficha maradhi. Yeye ndiye aliyeshika saa na kuandika. Cha nne kilikwama mara mbili mahali pamoja. Tuliigeuza reli, kikakwama tena, nikakuta kipande cha utepe wa plastiki kilichoachwa kiwandani juu ya kibati cha kuleta umeme. Kilikuwa mle tangu siku ya kwanza, chini ya muhuri wa mkaguzi. Nilikitoa. Kwa vile vitatu vya gia, nilipata gia za viwili kutoka kwa muuzaji wa vipuri wa ng'ambo. Cha tatu gia zake hazitengenezwi tena.

Mnunuzi wa Pretoria alipigiwa simu na binti mwenyewe. Alimwambia wazi kwamba masanduku yamefunguliwa, vichwa vimetembea saa moja moja, na kila kimoja kina karatasi ya muda, mwendo na hitilafu. Mtu yule alinung'unika kuhusu mikanda iliyokatwa na akapunguza bei kwa robo. Vilevile aliomba, bila kuulizwa, kwamba vitano vile vilivyooza viandikwe majina na namba zake, kwa sababu alikuwa na viwili vya aina hiyo kwenye kabati lake ambavyo hakuwahi kuvifungua. Alipiga simu tena siku iliyofuata. Hakusema alichokikuta. Aliuliza kama ninaweza kwenda Pretoria na betri yangu.

Fedha zilizopatikana hazikutosha ada. Zilifika kama nusu na kidogo juu yake. Zilizobaki zilitoka kwenye likelemba, ule upatu wa kina mama wa Kikongo: mama wa sombe ndiye aliyekuwa na zamu ya Februari, akaitoa, na binti anamlipa mpaka leo kwa mafungu. Papa alirudi dukani kwangu mwezi wa tatu kana kwamba hatukuwahi kukosana, akaniuliza kama nina chai, akataka kuonyeshwa ule utepe wa plastiki. Niliuhifadhi ndani ya bahasha. Aliutazama muda mrefu, akasema kwamba huko kwao mkaguzi wa namna hiyo angepelekwa kusafisha choo cha stesheni.

Fremu tano zilizooza hakutaka zitupwe ovyo, naye ndiye aliyejua sababu: zina risasi, na mtaani kuna watoto. Tulizifunga kwenye chupa yenye kifuniko. Mota zake zilikuwa nzima zote, kwa kuwa mota hazisubiwi kwa zinki. Mbili nimeshazitumia. Moja imo ndani ya kichwa cha mteja wa Troyeville anayekuja kila Septemba, upepo wa vumbi ukishapita, na hunijulisha kwa fahari ni saa ngapi kimetembea mwaka huo. Ya mwisho aliyonitajia ilikuwa 212.